Ziwa la Saba, Ukurasa wa Nne

Keki ilikuwa ya kijani, yenye ganda laini la lozi na waridi la sukari, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa chokoleti tarakimu nne: 1300. Iliwekwa katikati ya meza ndefu ya chumba cha kahawa saa tatu na nusu asubuhi, Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili, na wafanyakazi kumi na wanne wa Taasisi ya Jenomu ya Granvik wakaizunguka na vikombe vyao mkononi. Siv Norrby, mwenye keki, alikaa mahali pake pa kila siku, kwenye kona iliyo karibu na dirisha. Kutoka pale aliweza kuona barafu ya ghuba ikianza kuwa nyeusi kandokando.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya taasisi. Makala ya mtu ilipofikisha mia nyingine ya kunukuliwa na watafiti wenzake duniani, idara iliagiza keki. Kwa Siv hii ilikuwa keki ya kumi na tatu, na zote kumi na tatu zilitokana na makala ileile moja.

"Siv, hongera," alisema Tove Brännlund, mkuu wa idara, mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye haraka nyingi na moyo mwema. "Mimi nikijumlisha zangu zote sifiki hata nusu yako."

"Basi na wewe ukate nusu kipande," alisema Runar, mtunza friza za taasisi, ambaye alikwisha kujikatia kipande chake.

Watu walicheka. Mchambuzi mmoja wa kompyuta, aliyeajiriwa mwaka uliopita, alimgeukia Siv kwa adabu. "Ni ile ya salmoni, siyo?"

"Ya harri," alisema Siv.

"Ndiyo, ndiyo, harri. Nilijua ni samaki."

"Ungesema ni dubu ndiyo ningekushangaa," alisema Runar.

Wakacheka tena, kisha mazungumzo yakahamia kwenye nyumba za mapumziko, na nani ameshatoa mashua yake ghalani. Siv alikula keki yake polepole mpaka ikaisha, akaosha sahani, akarudi ofisini. Hakuna aliyemuudhi. Katika miaka thelathini na moja ya kazi yake pale hakuna aliyewahi kumuudhi kwa makusudi, na mara nyingine, akifunga mlango wa ofisi, alihisi kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya tatizo.

Alizaliwa mwaka 1959 katika kijiji cha kiwanda cha mbao, mwendo wa saa mbili kufuata mto. Baba yake alipanga magogo, na jioni alimchukua binti yake hadi kwenye rundo wakahesabu pamoja pete za mti kwenye mkato wa gogo: mwaka wa mvua, mwaka wa kiangazi, mwaka wa baridi kali. Huenda hapo ndipo Siv alipojifunza kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu bila kuchoka. Alipokuwa mtu mzima alikuta kwamba gamba la harri, yule samaki wa maji baridi mwenye pezi la mgongo pana kama upepeo, nalo lina pete, na kwamba pete hizo zinasomeka vilevile.

Mwaka 1994 ofisi ya zamani ya ukaguzi wa uvuvi ilifungwa, na ndani yake likabaki kabati la mbao lenye droo kumi na mbili. Tangu mwaka 1931 wakaguzi walikuwa wakikwangua magamba machache ya kila samaki waliyempima na kuyatia katika bahasha ndogo ya karatasi ya kahawia, huku wakiandika kwa penseli jina la ziwa, tarehe, urefu na uzito. Kila ziwa lilikuwa na droo yake. Siv alilileta kabati kwa tela, akakaa nalo miaka minne. Aligundua kwamba gamba kavu likilowekwa kwa saa tatu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kabla ya kufanyiwa jambo lingine lolote, hutoa vinasaba vizuri hata kama samaki wake alikufa kabla mtafiti hajazaliwa. Akaandika makala ya kurasa sita, peke yake. Ilitoka mwaka 1998, kuanzia ukurasa wa 471 wa jarida.

Baada ya hapo zilikuja mashine kubwa na miradi mikubwa. Orodha ya machapisho yake ilifikia makala arobaini na moja, na katika nyingi kati ya hizo jina lake lilisimama mahali fulani katikati ya majina thelathini, kama abiria kwenye picha ya kundi. Kila Januari alijaza idadi zake katika fomu ya idara, na kila mwaka fomu hiyo ilikuwa ni kusema, kwa namna nyingine, kwamba Siv Norrby ni harri.

Jumatatu iliyofuata keki, Tove alimwita.

"Keti, Siv. Kahawa?"

"Nimeshakunywa."

"Unastaafu Mei thelathini."

"Tarehe ninaijua."

"Siku hiyohiyo friza namba nne inazimwa. Imezeeka, inakula umeme kama kijiji kizima." Tove alisukuma fomu juu ya meza. "Kwa hiyo kila sampuli iliyomo inahitaji mrithi: jina la mtu, jina la taasisi, sahihi. Isiyo na mrithi..."

"Inaingia kwenye tanuri la mvuke, inateketezwa."

"Sheria si yangu, unajua."

"Najua."

"Lakini wewe huwezi kukosa!" Tove aliinuka nusu kitini kwa furaha ya kuwa na habari njema. "Watu elfu moja na mia tatu wametumia kazi yako. Waandikie. Watagombania vile vichupa."

Katika friza namba nne mlikuwa na vichupa elfu tatu vya vinasaba vya harri vilivyotolewa katika magamba yale, kila kimoja kimeandikwa kwa mkono wa Siv. Alirudi ofisini akaandika barua pepe thelathini kwa watafiti waliomnukuu mara nyingi zaidi. Majibu yalikuja manne. Watatu walimshukuru kwa mchango wake mkubwa na kusikitika kwamba hawana nafasi. Wa nne alimpongeza kwa kazi yake juu ya salmoni.

Mtu mwingine angeishia hapo. Siv alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulimwambia kwamba amekosea mahali pa kuanzia: aliwatafuta wakubwa, ilhali alipaswa kumtafuta aliyesoma. Akachapisha orodha nzima ya kazi zilizomnukuu, ambazo siku hiyo zilikuwa elfu moja mia tatu na sita, akanoa penseli, na kuanza kuzifungua moja moja. Kazi ilimchukua wiki tatu. Mchana alikula mkate mkavu na jibini mezani pake, na watu walipopita mlangoni walimwona ameinama, wakapunguza mwendo, wakaendelea.

Siku ya pili aliona jambo la ajabu. Katika orodha ya marejeo ya makala moja, kazi yake ilitajwa kuanzia ukurasa wa 417. Akalichukulia kuwa ni kosa la kuteleza kidole. Katika iliyofuata ilikuwa 417. Katika ya tatu, 417 tena. Kufikia Ijumaa alikuwa amelifuatilia kosa hilo mpaka chanzo chake: mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2001, kazi iliyosomwa na kila mtu, ambayo mwandishi wake alibadilisha nafasi za tarakimu mbili. Waliofuata hawakufungua makala ya Siv. Walinakili rejeo kutoka kwenye mapitio hayo, wengine wakanakili kutoka kwa walionakili, mpaka zikafika mia nane tisini na tatu. Waliobaki walikuwa na ukurasa sahihi, lakini wengi wao walitumia programu za kompyuta zinazojaza marejeo zenyewe, na programu haisomi.

Alimweleza Runar, kwa sababu Runar alikuwa amekuja kupima joto la friza na ndiye aliyekuwapo.

"Mia nane tisini na tatu," alisema Runar. "Wote wamekwenda ukurasa wa 417?"

"Hakuna aliyekwenda. Ndiyo maana hawajui kwamba sipo pale."

"Kwani pale pana nini?"

Siv alikuwa amekwisha kuangalia. "Makala ya mtu mwingine. Kuhusu kupe."

Runar aliitikia kwa namna ya watu wa kule, kwa kuvuta pumzi ndani kwa kifupi bila kutamka neno, akaandika joto la friza kwenye ubao. Kisha akasema, "Kupe naye anashangaa kwa nini hapati wageni."

Siv alicheka. Jioni ile, akiendesha baiskeli kwenda nyumbani, alijikuta akilirudia lile neno, wageni, na hakucheka.

Bado kulikuwa na njia moja ya kumtambua msomaji wa kweli. Katika ukurasa wa nne wa makala yake, chini ya jedwali, Siv alikuwa ameandika onyo. Mwaka 1954 maji yaliingia katika ofisi ya wakaguzi, mafungu ya bahasha yakaanguka, na mtu aliyeokota kwa haraka alichanganya samaki wa ziwa la saba na wa ziwa lingine lisilojulikana. *Matokeo ya ziwa la saba yasitumike,* aliandika, *mpaka bahasha zake zipangwe upya.* Alikusudia kuzipanga mwenyewe majira ya baridi yaliyofuata. Majira hayo ilikuja mashine mpya.

Kazi sitini na moja zilikuwa zimechukua namba kutoka kwenye jedwali lake. Alizisoma zote. Sitini zililitumia ziwa la saba pamoja na mengine, bila kusita, na baadhi yao zilijenga juu yake hoja ndefu kuhusu harri wa kale. Ilimwuma kuona kosa ambalo alilitangaza wazi likitembea ulimwenguni na jina lake begani.

Ya sitini na moja ilitoka mwaka 2011 katika kitabu cha mwaka cha chama kidogo cha uvuvi cha Ufini. Mwandishi aliitwa Eero Vaarala. Haikuwahi kunukuliwa na mtu hata mara moja. Na katika aya ya tatu iliandikwa: *Ziwa la saba tumeliacha nje, kwa sababu Norrby mwenyewe anaonya hivyo katika ukurasa wake wa nne.*

Siv aliweka penseli chini. Akaisoma sentensi ile mara ya pili, kisha akainuka akafunga dirisha ambalo halikuwa wazi.

Barua pepe aliyomwandikia Vaarala ilirudi. Chuo alichofanyia kazi kilisema mtu huyo aliondoka zamani. Ilimchukua siku mbili kumpata: alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule ya vijana huko Tornio, upande wa Ufini, ng'ambo tu ya mpaka. Karani wa shule aliandika namba ya Siv, na saa nne na dakika kumi simu ya mezani ikalia.

"Vaarala. Nimeambiwa nipige. Nina dakika kumi na mbili kabla ya kengele."

"Jina langu ni Siv Norrby. Nipo Granvik. Hatujawahi kuonana, na pengine hunikum..."

Upande wa pili kulikuwa na makelele ya watoto.

"Norrby wa harri?"

Siv alivua miwani yake. "Wa harri."

"Subiri nifunge mlango." Makelele yakakatika. "Mimi nimeisoma makala yako mara nyingi kuliko cheti changu cha ndoa. Ndoa yenyewe iliisha. Makala bado ninayo."

"Nasikitika."

"Usisikitike, ni makala nzuri. Sikiliza, nina swali. Nimetembea nalo tangu mwaka 2010. Kielelezo cha pili, gamba la kushoto. Pete nne za katikati zimebanana kama zimeshonwa. Yule samaki alipatwa na nini?"

Hakuhitaji kutazama. "Ni wa ziwa la tatu. Alivuliwa mwaka 1946. Alikaa miaka minne bila kukua."

"Hilo niliona. Nauliza kwa nini."

"Sijui."

"Lakini uliandika kitu."

"Umejuaje?"

"Aya inayofuata imeanza kama mtu aliyekatizwa maneno."

Miaka ishirini na saba ilikuwa imepita tangu mhariri afute aya ile, akisema ni ya kubahatisha, na Siv hakuwahi kumweleza mtu. "Niliandika kwamba huenda mto wa juu ulizibwa kwa magogo miaka ya vita," alisema. "Kwamba samaki waliokwama walikula kidogo wakasubiri."

"Ndiyo," alisema Vaarala taratibu. "Ndiyo, inawezekana. Asante."

Zilibaki dakika saba. Siv alimweleza habari za friza, fomu na mrithi, kwa mpangilio, kama anavyoandika. Alipomaliza, Vaarala aliguna.

"Siv, niseme ukweli. Mimi si mtafiti tena. Nilitoa makala tatu. Zimenukuliwa mara tisa, na sita kati ya hizo nilijinukuu mwenyewe. Walinishikia mlango kwa heshima nikatoka. Friza niliyonayo ni ya jikoni la shule, ina njegere na samaki wa kukaanga wa watoto. Vichupa vyako vitakufa mle."

"Ninaelewa."

"Na bahasha je?"

"Bahasha?"

"Bahasha za magamba. Bado zipo?"

"Zipo chini ya jengo, kwenye kabati lao."

"Ziko kwenye fomu?"

"Fomu inauliza namba ya friza."

"Siv." Sasa alizungumza kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi mzuri. "Ukurasa wa pili. Umeandika kwamba magamba yalikaa ndani ya karatasi zaidi ya miaka sitini, bila baridi yoyote, na bado yalitoa vinasaba. Hicho ndicho ulichogundua. Friza ya nini?" Kengele ililia nyuma yake. "Kabati langu la darasani ni kavu. Nitapiga simu kesho."

Alikata. Siv alitoa makala yake kutoka rafu ya chini, ambako ilikuwa imelala kati ya ripoti za mwaka, akaisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa sita. Hakuweza kukumbuka mara ya mwisho alipofanya hivyo. Wiki tatu alikuwa akiwahesabu wasiofungua kurasa hizi, kwa penseli kali, na muda wote huo alikuwa akipigania vichupa na kuzisahau bahasha. Hakumtafutia mtu lawama. Alichukua penseli ileile na chini ya orodha yake ndefu akaongeza jina lake.

Kisha akashuka ngazi. Juu ya kabati la mbao palikuwa pamebandikwa karatasi ya njano: *Samani. Kuondolewa.*

"Runar!" aliita, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. Runar alitokea na kipande cha mkate wa mdalasini mdomoni. "Karatasi hii ni yako?"

"Ni yangu. Walisema makabati yote ya mbao."

"Lina bahasha elfu tisa na mia nne."

Runar alivuta droo, akatazama safu za karatasi za kahawia. "Loo. Mimi nilidhani mbegu za maua za mtu."

"Gari lingekuja lini?"

"Jumanne."

Ilikuwa Ijumaa. Runar alimtazama usoni, akabandua karatasi ya njano kwa ukucha, akaikunja mara nne, na kuitia mfukoni.

Tove aliisoma fomu mpya akiwa amesimama. "Mrithi, Eero Vaarala. Taasisi..." Akainua kichwa. "Hii ni shule, Siv. Ya vijana wa miaka kumi na minne."

"Fomu inasema taasisi ya elimu au utafiti."

"Ni kweli inasema."

"Haisemi ya ngazi gani."

"Haisemi." Tove alikaa. "Na kati ya wote wale, hakuna hata mmoja mwenye jina kubwa kidogo? Mtu wa kuniokoa nikiulizwa?"

"Nilimtafuta aliyeisoma."

Tove aligeuza kalamu vidoleni. Nje ya dirisha mtu alikuwa akijaribu injini ya mashua. "Mimi mwenyewe sijaisoma," alisema mwishowe. "Nimeitaja kwenye makala nne. Na nimeagiza zile keki."

"Najua."

"Runar amenisimulia habari ya ukurasa wa kupe. Mimi niliandika ukurasa gani?"

"417."

Tove aliinamisha kichwa akatia sahihi, mstari mmoja mrefu usiosomeka, akampa fomu kwa mikono miwili.

Eero Vaarala alifika Mei ishirini na nane, saa tano asubuhi, na gari lililovuta tela lenye turubai. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake lilikuwa na vumbi la chaki kwenye mfuko. Walipeana mikono, kisha wote wawili wakatazama chini. Katika simu walikuwa wameongea mara tano. Ana kwa ana, iliwabidi waanze upya.

"Barabara ilikuwaje?" aliuliza Siv.

"Ndefu."

"Kahawa?"

"Baadaye. Kwanza nilione."

Alipofungua droo ya kwanza hakugusa kitu. Alisimama, mikono nyuma, akasoma bahasha ya mbele kwa midomo bila sauti, kama mtu anayesoma jina mlangoni kabla ya kubisha. Halafu wakaanza kubeba, yeye upande huu, Runar upande ule, Siv akitangulia kufungua milango. Droo zilitoka moja moja kwa mpangilio wa namba. Walipofika ya saba, Siv aliweka mkono juu yake.

"Hii hapana."

"Kwa nini?" aliuliza Eero.

"Haifai bado. Nilisema itapangwa upya. Haijapangwa."

"Zimo ngapi?"

"Mia sita na arobaini. Zinaweza kutenganishwa. Pete za ziwa moja zinafanana, mwaka kwa mwaka. Lazima mtu azitazame zote."

"Itachukua muda gani?"

"Sijui. Miaka miwili. Mitatu, macho yakichoka."

Eero alifikiri. "Nitaacha nafasi yake kwenye kabati," alisema. "Kati ya sita na nane. Nitasubiri."

Walikunywa kahawa ya chupa wakiwa wamekaa ukingoni mwa tela. Eero hakukaa hata saa moja. Kesho yake shule ilikuwa na mitihani ya mwisho, na yeye ndiye msimamizi. Alimwuliza maswali mawili kuhusu ziwa la tisa, akaandika majibu kwenye kiganja chake, akafunga turubai. Tela lilipopinda kwenye miti ya birchi halikuonekana tena, na Siv akabaki amesimama na vikombe viwili.

"Mtu wa maneno mengi," alisema Runar.

"Kwake yeye, ndiyo."

"Vile vichupa. Nisubiri mpaka uwe umeondoka?"

"Hapana. Fanya nikiwepo."

Runar alitoa makreti thelathini kutoka friza namba nne, na moshi mweupe wa baridi ukamzunguka miguuni. Siv alisoma maandishi yake kwenye kifuniko cha kila kreti kabla halijaingia kwenye tanuri, na kwa kila moja akavuta pumzi ndani kidogo, kuitikia. Taa nyekundu iliwaka kwa dakika arobaini. Ilipozima, Runar alimpigapiga Siv bega mara moja. Akaenda kuchomoa waya wa friza. Mlio uliokuwa umejaa chumba kwa miaka yote ile ukakoma, na hapo ndipo Siv alipojua kwamba alikuwa akiusikia.

Siku yake ya mwisho kulikuwa na hotuba, maua, na keki ya kijani. Safari hii hawakuandika namba juu yake. Mchambuzi wa kompyuta alimwambia kwamba angependa siku moja kuisoma ile makala. Siv alimpa nakala. Aliishika kwa uangalifu, na alipoondoka aliisahau pembeni ya sinki. Siv aliikausha kwa kitambaa, akaiweka kwenye mkoba wake.

Jumatatu aliamka saa kumi na mbili kama kawaida, akavaa, akajikuta hana pa kwenda. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na dirisha la jikoni lilitazama uwanja ambao watoto walikuwa wameshaondoka kwenda shule. Droo ya saba ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, kwenye nafasi ya mtu wa pili. Alipika uji, akala upande wake, akaosha bakuli.

Kompyuta ilimletea taarifa: makala yake ilikuwa imenukuliwa tena. Elfu moja mia tatu na tisa. Aliifungua, akateremka hadi orodha ya marejeo. Ukurasa wa 417. Akaifunga, akahamisha kompyuta hadi chumba cha kulala ili meza iwe wazi.

Alitandaza kitambaa cheupe, akaweka lenzi, taa na daftari jipya. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika tarehe, na chini yake, *Ziwa la saba, bahasha ya 1 kati ya 640.* Karatasi ya kahawia ilifunguka bila kuraruka. Gamba lilikuwa dogo kuliko ukucha wa mtoto. Alilisogeza kwenye mwanga mpaka pete zikaonekana, nyembamba, nyingine pana, nyingine zimebanana.

"Moja," alisema kwa sauti, kama walivyokuwa wakihesabu na baba yake penye magogo, ambapo mmoja alitaja na mwingine akaitikia. Akangoja kidogo, kwa mazoea. Jokofu la jikoni lilinguruma likanyamaza.

"Mbili," alisema, akasogeza lenzi.